Koti la Lhazom

"Inua mikono."

"Haiinuki, mama."

"Inua, Spalzes, usinichezee asubuhi yote hii."

"Nimeinua. Ndiyo mwisho wake."

Diskit alirudi nyuma akamtazama mwanawe. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya jiko la bati kama gunia la shayiri lililotiwa macho. Ndani kabisa alivaa fulana ya pamba. Juu yake fulana nyingine ya pamba, kisha sweta la shule, kisha sweta la baba yake lililokunjwa mikono, na juu ya yote hayo koti la zambarau la kuvimba ambalo shangazi yake Lhazom alikuwa amelituma kutoka Delhi. Lilikuwa la msichana wa miaka kumi na miwili. "Ili akue nalo," Lhazom alisema. Miguuni alivaa soksi juu ya soksi juu ya soksi.

"Na joho?" aliuliza Bibi Rinchen kutoka kwenye godoro lake kando ya jiko, vidole vikiendelea na shanga za sala. "Joho la sufu liko wapi? Mtoto anakwenda kusimama juu ya barafu nanyi mnamvalisha nailoni."

"Mama, joho linafika kwenye vifundo vya miguu. Atalikanyaga aanguke."

"Mimi nimelivaa tangu usichana wangu, sijaanguka."

"Mama hujawahi kuteleza kwenye barafu."

"Kwa sababu nina akili."

Diskit aliuma midomo akafunga zipu ya koti. Kwa mama mkwe, mtu hujibu mara mbili. Ya tatu ni ugomvi. Isitoshe, alijua bibi ana hoja. Majira ya baridi yaliyopita Spalzes alilazwa hospitali kwa mapafu, na Bibi Rinchen ndiye aliyekesha kitandani pake. Safari hii bibi alikuwa ametoa sharti mbele ya nyumba nzima: kikohozi kimoja tu, viatu vya kutelezea vinaingia kwenye sanduku lake na havitoki. Na mashindano ya watoto ya kuteleza yalikuwa karibu, siku chache kabla ya Losar, sikukuu ya mwaka mpya. Mwalimu Tsetan alikuwa amemchagua Spalzes miongoni mwa watoto wa shule nzima.

Diskit alimpigia simu mumewe. Phunchok alikuwa huko juu kwenye njia ya mlimani, akiendesha gari la kuondoa theluji.

"Mwanao avae nini?" akamuuliza.

"Mvalishe tu vizuri."

"Vizuri ndiyo nini?"

"Yaani asikie joto. Lakini awe mwepesi. Na lile koti la Lhazom avae, dada yangu asije akanuna. Na mama asikasirike. Wewe na mama mtaelewana."

Simu ikakatika, au aliikata mwenyewe. Mume akiwa mlimani, mke hajui kamwe.

Uwanja wa barafu wa Leh, mji wao wa milimani, ulikuwa shamba lililofurikishwa maji likaachiwa usiku ufanye kazi yake. Watoto walikuwa tayari wanazunguka. Kina mama walisimama kwenye ukingo wamejifunika shali, chai ya siagi ikifuka moshi vikombeni.

Mwalimu Tsetan alimwona Spalzes akija akiyumbayumba kama bata, akapuliza filimbi.

"Nani amemvalisha huyu?"

"Mimi," alisema Diskit.

"Dada Diskit, anakwenda wapi? Mwezini?"

Watoto wakaangua kicheko. Mama Otsal, mke wa mwenye hoteli, akacheka na shali mdomoni, jambo ambalo Diskit aliliona baya zaidi kuliko kama angecheka waziwazi. Otsal mwenyewe alikuwa akiteleza katikati ya uwanja ndani ya nguo nyeusi za kubana zilizomkaa kama ngozi ya pili.

"Wengine tuliagiza mapema," alisema mama Otsal kwa upole. "Ukingoja mpaka Desemba utapata wapi?"

Mwalimu alimvua Spalzes koti, akamvua sweta la baba yake, akampeleka barafuni na vilivyobaki. Mtoto alipopata nafasi ya kukunja viwiko, aliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Alizunguka, akaanguka, akainuka, akazunguka tena, na Diskit akasahau kicheko cha watu. Mwanawe alikuwa na kitu fulani miguuni ambacho hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuwa nacho.

Alipotoka, midomo yake ilikuwa ya bluu. Diskit alimvua viatu na soksi zile zote, akakuta vidole vya miguu vyeupe kama mshumaa. Hakungoja. Alifungua joho lake palepale mbele ya watu, akaiingiza ile miguu tumboni kwake, akasaga meno.

Mwalimu Tsetan alichuchumaa. "Soksi ngapi?"

"Jozi tatu. Nilidhani..."

"Ukimshindilia soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana, damu ipite wapi? Jozi moja, ya sufu, basi. Na pamba usimvalishe tena. Mtoto anayeteleza anatoa jasho. Pamba inalinywa, halafu akisimama linamgeukia kuwa barafu mgongoni. Ndani sufu nyembamba. Juu kitu chepesi cha joto. Nje kitu cha kuzuia upepo. Si kazi ngumu."

Si kazi ngumu! Diskit alitaka kumwambia aje nyumbani asubuhi amvalishe yeye, huku bibi upande huu, simu ya mlimani upande ule, na mtoto mwenyewe anataka kufanana na Otsal. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Naye ndiye chombo. Lakini mwalimu alikuwa hachukui ada kwa mtu. Akasema tu, "Asante, mwalimu."

Sokoni mambo hayakuwa mepesi. Kwenye duka la nguo za michezo muuzaji alitandika juu ya meza vazi la samawati lililonakshiwa vimetameta kifuani, na Spalzes akaacha kupumua.

"Hili ndilo wanalovaa mabingwa," alisema muuzaji.

Diskit alilishika kati ya vidole viwili. "Hii ni nguo au ganda la kitunguu?"

"Ina teknolojia ndani yake, dada."

"Na teknolojia hiyo imeambiwa kwamba hapa ni Leh?"

"Mama!" Spalzes alimnong'oneza, masikio yamewaka kwa aibu.

"Bei?"

Muuzaji akataja. Diskit alilirudisha vazi mezani taratibu, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Kwa fedha hiyo wangekula Losar na wageni wakabaki wakila. Muuzaji, kwa huruma iliyochoma kuliko dharau, akasema kulikuwa na lingine la bei nafuu lenye kasoro ya zipu. Diskit akashukuru, akatoka.

Kwa mwanamke mmoja aliyeuza sufu kando ya barabara alinunua fulana ya ndani iliyofumwa nyembamba, rangi ya ugali wa shayiri, na soksi jozi moja. Spalzes aliitazama fulana ile kana kwamba amepewa adhabu.

"Inawasha."

"Itakuzoea."

"Ya Otsal haiwashi."

"Basi nenda ukazaliwe kwa kina Otsal," alisema Diskit, na mara hiyohiyo akajuta.

Jioni ile, kana kwamba shetani hana kazi nyingine, Lhazom alipiga simu ya video. "Wifi! Julley, hamjambo! Nionyesheni mtoto na koti lake!" Diskit alikimbia kulichukua koti ukutani, akamvika Spalzes juu ya nguo za kulalia, akamsimamisha penye mwanga. Lhazom akapiga vigelegele huko Delhi. "Mmeona? Joto hilo! Nikija kwa Losar, siku moja baada ya mashindano, nataka kumwona nalo. Anafanya mazoezi nalo kila siku?"

"Kila siku," alisema Diskit.

Bibi Rinchen, nyuma ya simu, akainua nyusi mpaka zikapotea ndani ya kofia.

Kwa juma zima Diskit alifuata maneno ya mwalimu kama dawa ya daktari. Sufu ndani, sweta jepesi, jaketi la zamani la Phunchok alilolipunguza kwa cherehani, soksi jozi moja, glavu, kofia. Kifua cha mtoto kilirudi kikavu. Vidole vilirudi vyekundu. Hata hivyo kila alasiri Spalzes aliingia ndani akitetemeka, akaganda mbele ya jiko, na siku ya Jumamosi, katikati ya bakuli la supu, akakohoa.

Kijiko cha Bibi Rinchen kikasimama njiani.

"Ni supu, bibi. Imenipalia," alisema Spalzes, akakohoa tena, na safari hii hata paka alijua kwamba si supu.

Bibi aliinuka. Alivichukua viatu vya kutelezea kutoka mlangoni, chuma kwa chuma vikigongana, akafungua sanduku lake, akavilaza juu ya nguo zake za sherehe, akafunga, akautia ufunguo kifuani.

"Mama, mashindano ni keshokutwa," alisema Diskit.

"Mapafu ni ya maisha."

"Nimemvalisha kama alivyosema mwalimu!"

"Mwalimu hakukaa naye hospitali."

"Mimi je? Mimi sikukaa? Kila mtu humu ana la kusema. Wewe joho, Phunchok wepesi, Lhazom koti, mwalimu sufu, muuzaji teknolojia! Nikimvalisha sana mnacheka, nikimvalisha kidogo mnanifungia sanduku. Basi mvalisheni nyinyi! Mimi nimechoka. Nimechoka, mama!"

Hakuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wake tangu aolewe. Kisha Spalzes, ambaye machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya supu, akasema:

"Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi."

"Uulizwe nini?" bibi alimgeukia.

"Nasikia baridi wapi."

Wanawake wawili wakatazamana.

"Haya," alisema Diskit. "Unasikia baridi wapi?"

Spalzes aliinamisha kichwa. "Matakoni."

"Wapi?"

"Matakoni, mama! Na magotini. Mimi naanguka! Mwalimu ananifundisha kuzunguka, nikizunguka naanguka, nikianguka nakaa, barafu inayeyuka kwenye suruali. Halafu nasimama, inaganda. Halafu naanguka tena. Nyinyi mnanifunika kifua tu. Kifua changu hakijawahi kuanguka."

Diskit alitoka nje. Suruali ya mazoezi ilikuwa imeanikwa kambani tangu alasiri. Aliing'oa ikaja imesimama yenyewe, ngumu kama ubao, na pale pa kukalia palikuwa na bamba la barafu lenye umbo la mtu mdogo. Kwa juma zima alikuwa akiianika suruali ile na kuianua, na hakuwahi kujiuliza.

Aliirudisha ndani akaiegemeza ukutani. Bibi Rinchen aliigusa kwa kidole, akaigonga. Ikalia ko, ko.

"Mtoto wa watu amekalia barafu siku zote hizi," alisema bibi kwa sauti ndogo.

Kilichotakiwa pale pa kukalia na magotini kilikuwa kitambaa kisichopitisha maji, chenye unene ndani, chepesi. Diskit alijua mahali pamoja tu penye kitambaa cha namna hiyo. Aliinua macho ukutani. Bibi naye akainua macho ukutani. Koti la zambarau lilining'inia pale, limevimba, safi, na kinembo cha ndege mweupe mgongoni.

"Ni la Lhazom," alisema bibi.

"Najua."

"Atakuua."

"Najua, mama."

Bibi Rinchen alirudi kwenye godoro lake, akaketi, akafumba macho. "Mimi ni mzee, macho mabovu. Sioni kinachofanyika humu ndani."

Mkasi uliingia mgongoni mwa koti kwa mlio uliomuumiza Diskit mwenyewe. Vijinyoya vya bata vikaruka, Spalzes akapiga chafya kwa furaha. Na Diskit alipohangaika kutunga uzi kwenye sindano, mkono wa bibi ulinyooka, ukaichukua sindano, ukautunga uzi mara moja, ukairudisha. Macho bado yamefumbwa.

Siku ya mashindano bibi alitoa viatu kwa sharti jipya: atakwenda mwenyewe, na mtoto akitoka amelowa, sanduku ni lilelile. Walifika wakakuta uwanja umejaa. Diskit alikuwa anakaza kamba za viatu aliposikia jina lake likiitwa kwa sauti ambayo hakuitarajia kabla ya kesho.

"Wifi! Nimewahi ndege ya asubuhi!"

Lhazom alikuja akikumbatia kila mtu, suruali ya jinzi ya mjini, viatu vyembamba, simu juu juu tayari kupiga picha. Alimwinamia mama yake, akambusu Spalzes, kisha akamtazama vizuri. "Koti liko wapi?"

"Nyumbani," alisema Diskit.

"Nyumbani! Katika baridi hii?"

"Mwalimu hataki makoti barafuni." Hilo lilikuwa kweli, na Diskit alilishikilia kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima.

Spalzes aliitwa. Alivuta jaketi likafunika nyuma, akaingia. Alianza vizuri. Mikono ilikunjuka, miguu ikasikika ikikata barafu, na hata mama Otsal aliacha kuzungumza. Lhazom alirekodi, akinong'ona, "Angalia mtoto wa kaka yangu, angalieni." Ulipofika wakati wa ule mzunguko, Spalzes alizunguka mara moja, mara mbili, akapotea njia, akaanguka akakaa kwa kishindo. Jaketi likapanda juu. Akageuka kuinuka, matako juu, na hapo mbele ya mji mzima ndege mweupe kwenye kitambaa cha zambarau akautazama umma.

Simu ya Lhazom ilishuka polepole.

"Lile ni koti langu."

Diskit alijitia kumpigia mtoto makofi.

"Diskit. Lile ni koti langu kwenye matako ya mtoto."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Halafu wengi.

"Wifi, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Uliniambia analivaa kila siku!"

"Si analivaa," alisema Bibi Rinchen.

"Mama, na wewe ulijua?" Sauti ya Lhazom ilipasuka. "Mnajua mimi nilivaa nini humu mjini nikiwa mdogo? Vya kaka. Suruali ya kaka, sweta la kaka, koti la kaka likiwa limetoboka viwiko. Koti jipya la kwanza nililivaa nilipoajiriwa. Nikasema mtoto wa nyumba ile asipite huko. Nikamchagulia kubwa adumu nalo. Nanyi mkalitia mkasi!"

Kicheko nyuma yao kilikufa. Diskit alikuwa na majibu mengi ya hasira aliyoyaandaa tangu ile jioni ya mkasi: kwamba zawadi isiyovalika ni mzigo, kwamba aliye Delhi hajui baridi ya aliye Leh. Akayaacha yote. Yeye aliona nailoni na manyoya. Hakuona msichana wa viwiko vilivyotoboka.

"Ningekuambia," alisema. "Nilikuogopa. Nilikosa, wifi. Kukata sijutii, maana alikuwa analowa mpaka anakohoa. Lakini kukudanganya, hapo nilikosa."

"Analowa!" Lhazom alijifuta macho kwa ghadhabu. "Sisi tuliteleza na suruali za pamba, nani alilowa? Nani alikufa? Mmekuwa laini!"

Hapo subira yote ya Diskit, iliyokuwa imebaki kama siagi chini ya kopo, ikaisha. "Basi ingia!" alisema. "Kila mtu ni fundi akiwa ukingoni. Ingia na jinzi yako utuonyeshe!"

"Nitaingia!"

Spalzes alimaliza akatoka, uso umewaka, akiwa wa nne kati ya watoto wote. Kabla hajaulizwa chochote, Bibi Rinchen alimshika bega, akamgeuza, akampapasa nyuma kwa kiganja mbele ya waamuzi na wazazi.

"Pakavu!" alitangaza.

"Bibi, jamani!"

"Pakavu kabisa," alirudia bibi, akimwambia mama Otsal, ambaye hakuwa ameuliza.

Mashindano yalipokwisha watu wakaachiwa uwanja wateleze watakavyo. Lhazom hakuwa amesahau. Aliazima viatu vya mwalimu Tsetan, akavifunga, akakataa mkono wa Diskit, akakataa hata wa Spalzes. Akaenda hatua kadhaa, mgongo umenyooka, na kwa kitambo kifupi Diskit alimwona wazi yule msichana wa zamani, mwepesi ndani ya nguo za kaka yake. Kisha miguu ikaachana, kila mmoja na safari yake, na Lhazom akakaa juu ya barafu kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani.

Hakuinuka. Diskit alishika kifua, akaingia barafuni na viatu vyake vya kawaida, akinyata na kuteleza mpaka akamfikia.

"Umeumia, wifi?"

Lhazom alikuwa akitazama mbele, macho makubwa, kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Maji yalikuwa yanapanda taratibu ndani ya jinzi.

"Diskit," alisema mwishowe, bila kumtazama.

"Naam."

"Lile koti. Kilichobaki umekitupa?"

"Hapana. Kipo."

"Kinatosha mtu mzima?"

Diskit alimpa mikono yote miwili amnyanyue, lakini kicheko kilimtangulia, miguu ikamtoka, naye akaanguka akakaa kando ya wifi yake.